Jalada la Ukutani kwa Mayu Nkwimba

Jumapili, Bariadi.

...mimi niliyefika hadi Nairobi kusaka katuni, leo nimeshindwa na ukuta wa udongo!

Katuni yangu ya safari za angani ina roketi kwenye jalada, na nimetamba nayo mji mzima. Leo kwa Mayu Nkwimba, mama fundi cherehani, nimekuta ukutani jalada jingine la katuni ile ile, lililotoka kwenye robota la mitumba: mwanamke amesimama mwezini peke yake, anaitazama dunia. Macho yale!

"Mayu, niuzie."

"Nimelibandika kwa uji wa muhogo, mwanangu. Ukilibandua, utaondoka na udongo."

Nimeshika pembe yake, nikaiachia. Lingechanika.

Sasa nalitamani hadi... Kesho nitarudi kuliangalia. Ila sina cha kumpelekea ashone; suruali zangu zote nzima. Ngoja nichane moja.