Pikipiki ya Mtu Mmoja

Jumatatu, 14 Agosti

Kibali cha kuwinda bado kimebandikwa kwenye friji. Musi mmoja, yule kulungu mkubwa wa nchi za baridi, majina mawili: langu na la kaka yangu Leander. Mwezi wa tatu nilijaza fomu kama ninavyoijaza kila mwaka, na mkono ukaandika jina lake wenyewe. Nikaipeleka posta. Nikafika nusu ya njia ya kurudi ndipo nikakumbuka hatusemezani. Mjinga mimi.

Msimu unafunguliwa tarehe 9 mwezi ujao. Mnyama mwenye nyama nyingi kuliko ng'ombe hatolewi porini kwa mabega. Lazima ninunue mashine. Nina miaka hamsini na saba na sijawahi kuchagua pikipiki ya magurudumu manne peke yangu.

Jumatano, 16 Agosti

Niandike tu, nani atasoma.

Ile pikipiki nyekundu tulikuwa nayo miaka kumi na tisa, mimi na Leander. Wiki moja inalala kwake, wiki moja kwangu. Kuni, mbao, theluji ya uani, mapipa ya samaki, musi kumi na wanne. Mwezi wa kumi na moja mkewe, Ursula, akamnunulia kigari chenye paa na mikanda kwa sababu ya goti lake. Naye akaiuza nyekundu kwa mtu wa Bonavista bila kunipa hata neno.

Nilipomwendea, alisema imezeeka. Nami nikasema yangu, mengi. Akanijibu, "Wewe Fonse, ile pikipiki ndiyo mke uliyemwoa." Mbele ya Ursula!

Ulimi hauna mfupa, lakini neno lile ninalo kooni kama mwiba wa samaki. Miezi tisa sasa. Nyumba zetu zinatazamana.

Jumamosi, 19 Agosti

Nimeenda mjini Clarenville, kwenye duka la pikipiki. Duka zima linanuka mpira mpya. Muuzaji ni Myrtle, mama wa makamo mwenye buti za mpira, anaijua kazi yake. Ya cc 450 — nyepesi, inapenya kati ya miti, lakini trela la kuni mbichi litaishinda mlimani. Ya 700 ina nguvu, ila ikilala ubavu sitaiinua. Ya kati basi, 570. Magurudumu yote manne yanavuta, usukani laini, keria mbele na nyuma. Nikapanda. Nikashuka. Nikapanda tena.

"Unaipima au unaichumbia, mpenzi wangu?" Myrtle akauliza. Waliokuwepo wakacheka. Mimi sikucheka.

Kisha akaleta swali. Kuna fupi ya mtu mmoja, na kuna ndefu yenye kiti cha abiria. "Utabeba mtu?"

Nikasema, mtu gani? Akaniangalia kidogo, akaanza kufuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi. Nimerudi mikono mitupu.

Jumapili, 20 Agosti

Nyama ya chumvi na kabeji. Bado napika sufuria ya watu wawili. Nitaila hadi Jumatano.

Jumanne, 22 Agosti

Jirani yangu Hubert alikuwa hapa, amekunywa chai vikombe vitatu. Ushauri wake: kubwa. "Bwana wee, ndogo ni ya kwendea kanisani." Nikamwambia njia ya kwenda kambi yetu ya uwindaji ni nyembamba, kubwa itakwaruzana na kila mti. Akasema basi kata miti. Halafu akaropoka: "Leander angejua." Akainamia kikombe chake.

Ni kweli, angejua. Leander akiisikiliza injini dakika mbili anakwambia itakufa mwezi gani. Nimeandika maswali sita ya kumuuliza mtu, na mtu wa kumuuliza ni yeye.

Ijumaa, 1 Septemba

Nimenunua. 570, ya kijani, ya mtu mmoja. Nilikaribia kusema ile ndefu. Mdomo ukasema fupi.

Myrtle akauliza kama nataka winchi mbele, ya kujivutia nikikwama. Nikamwambia hatujawahi kuihitaji. "Nyinyi na nani?" akauliza. Nikasaini karatasi.

Imeshushwa uani alasiri. Hapa kwetu mashine mpya ikifika watu hujaa, wanapiga matairi mateke, kila mmoja ana kasoro yake aliyoiona. Leo hakuna. Hubert yuko kwa bintiye. Pazia la kwa Leander limesogea, likatulia. Nimekaa ngazini na kikombe changu, naitazama. Upweke ni jambo la kijinga: unapata kitu kizuri, huna wa kumwambia hebu njoo uone. Nimeifunika turubai.

Alhamisi, 7 Septemba

Mwandiko mbovu leo, vidole vimechoka.

Nilitaka kuijaribu hadi kambini kabla ya msimu. Njia inaanzia nyuma ya kwa Leander, hakuna nyingine ya kuingia na mashine. Alikuwa anapasua kuni. Hakuinua kichwa, ila shoka lilisimama hewani. Nikapita nimekaza shingo kama gavana.

Kilomita tisa ndani, kwenye tope kando ya kidimbwi — nikakwama. Nikiongeza mafuta inachimba. Nikirudisha nyuma inachimba. Tope limefika magotini, nasukuma, nateleza, nasukuma. Saa mbili nzima. Ndipo nikaelewa kwa nini hatukuwahi kuhitaji winchi. Winchi ilikuwa Leander. Yeye anasukuma, mimi naendesha, tunatukanana, tunatoka. Kidole kimoja hakivunji chawa. Nilikaa kwenye kiti kile kimoja nikalia. Ndiyo, nililia.

Nikaiacha palepale. Kurudi sikupita kwake. Nipite kwa miguu, na tope lote hili, baada ya mbwembwe za asubuhi? Nimezunguka kwa njia ya pwani, saa nne za kutembea. Nimefika jua limezama. Sijawasha taa, sitaki mtu aje kuniuliza. Naandika kwa mwanga wa moto wa jiko.

Ijumaa, 8 Septemba

Msimu ni kesho. Mgongo hauinuki. Simu imelia mara tatu tangu alfajiri, sikuipokea. Wauza bima hawa.

Saa saba mchana. Injini uani. Nimechungulia. Ni kile kigari chenye paa cha Leander, kinavuta kitu kwa kamba. Kinavuta pikipiki yangu. Yuko peke yake. Anashuka kwa shida, ameshikilia nguzo ya kigari.

Amejuaje? Ah, najua alivyojua. Aliniona nikiingia. Hakuniona nikitoka. Na jana nyumba yangu haikuwa na taa.

Lakini mbona amelowa namna hii? Tope lililonishika mimi lilikuwa la magotini. Yeye maji yamemfika kifuani, majani ya kidimbwini yamemganda shatini. Kuitoa mashine hakukumlazimu kuingia kidimbwini. Na goti lile. Hakuingia kwa ajili ya mashine. Alikuwa ananitafuta mimi mle chini.

Amepanda ngazi. Amevua kofia. Anabisha mlango.

Kijiji hiki mtu habishi hodi. Unafungua, unaingia, unaweka birika jikoni mwenyewe. Anayebisha ni polisi, au padri aliyeleta habari ya msiba. Leander ameingia kwa mlango huu tangu ulipokuwa wa mama yetu, na hajawahi kuubisha hata mara moja. Anaubisha taratibu, kama mtu anayeogopa kwamba ndani hakuna wa kuitika.

"Fonse?" Sauti imemkauka. "Mdogo wangu?"

Nimesimama hapa mezani na kalamu. Naiweka chini, naenda kumfungulia. Anabisha tena.