Tondoo Chini ya Kikombe

Jumapili, 6 Novemba 2011

Kinasa sauti changu kimepotea jana, Jumamosi tarehe 5, baada ya chai na kabla sijafunga duka. Ndani yake kuna sauti ya Papa Daur, mzee aliyekuja dukani kunipa mifano ya lugha yake. Jumamosi zake zote, toka Aprili hadi Septemba. Mwenyewe tulimzika mwezi uliopita, donc basi hakuna wa kurudia.

Dukani tulikuwa wawili, mimi na rafiki yangu Oksana. Suruali kumi na nne zilikuwa zinangoja pindo, zote zipo. Hakuna mwizi wa kupita mtaa wetu wa Porte de Namur akaacha suruali, akachukua kimashine kikuukuu ambacho kifuniko cha betri kimefungwa kwa uzi.

Hesabu ni rahisi. Wawili toa mmoja.

Jumatatu, 7 Novemba

Oksana hapokei simu. Nimetafuta chini ya masini ya kushonea, ndani ya mfuko wa vitambaa, juu ya kabati, katikati ya vifungo. Nikacheka peke yangu. Papa Daur angekuwa na kitenzi tofauti kwa kila mahali nilipopekua.

Ndiyo ilikuwa kazi yetu. Navua tondoo, kile kikofia cha chuma cha kidole, naiweka ndani ya kikombe. Halafu chini yake. Halafu juu. Mzee anasema kwa Kiabkhazi, lugha ya kwao milimani. Anarudia kwa Kiukrainia, maana aliishi Odesa miaka kadhaa baada ya vita ya kwao. Oksana, ambaye ni wa huko, ananipa kwa Kifaransa. Mimi naandika kwa Kiswahili. Chai, biskuti, tunaendelea.

Yote kwa ajili ya insha yangu ya darasa la jioni: vile viambishi vya mbele vinavyogeuza kitenzi. Mwalimu alisema mada ni kubwa mno kwa mtu wa retouche, wa kupunguza nguo za watu. Bon. Nilifika Bruxelles na sanduku moja, leo duka ni langu. Asinipimie ukubwa.

Hasira bado. Nimemkata mteja kola vibaya.

Jumatano, 9 Novemba

Nimeota nyumba ndefu kando ya mfereji, pale Molenbeek, sakafu yake maji. Kitenzi kimoja cha Kiukrainia kilikuwa kinatembea humo, kimevaa koti. Mlango wa kwanza, vyity: kimetoka. Wa pili, uviity: kimeingia. Pereity, kimevuka. Obiity, kimezunguka. Zaity, kimepitia kidogo kusalimia. Yule yule, miguu ile ile, kila mlango kinabadilisha kofia tu.

Halafu kikaja cha Kiabkhazi, kizito, kimebeba familia nzima. Kama chetu: nimekuletea. Mimi nimo, wewe umo, mzigo umo, wote ndani ya neno moja. Na mbele kinataja mahali. "Ta" kama kitu kina uwazi ndani. "Tsa" kama ni chini yake. Kuna kingine ni cha ndani ya nyumba peke yake. Sisi nasi tuna pamelala, kumelala, mumelala. Siku nilipomwambia hivyo mzee alipiga meza. "Basi maman Béa ni wa milimani kwetu!"

Kipo na kiambishi "amkha". Unakiweka kwa jambo ulilofanya bila kutaka. Umekula bila kutaka. Umelala bila kutaka. Mzee alisema kwa umri wake vitenzi vyote vinakihitaji.

Nimeamka mto umelowa. Sijui nilikuwa namlilia nani.

Ijumaa, 11 Novemba

Sikukuu, duka limefungwa. Nimekwenda Molenbeek kwa Oksana bila kumwambia.

Alifungua mlango nusu. Kinasa kilikuwa juu ya friji, nimekiona kwa macho yangu.

"Mwizi," nikamwambia.

"Sikuiba, maman Béa. Nimekiweka."

"Kwa nani? Ni changu. Jumamosi ya wiki ijayo ni arobaini ya mzee, Amra anataka kusikia sauti ya baba yake."

"Ndiyo sababu."

Nikamuuliza sababu gani. Akanitazama kama mtu anayetazama ukuta.

"Wewe ulikuwa unahesabu. Papa, mfano huu wa chini ni wa ngapi? Papa, ule wa ndani nimeupata tayari. Lakini ulimsikiliza hata siku moja?"

Akafunga. Mlango wenyewe ni wa mbao nyembamba, ningeweza kuusukuma. Sikuusukuma. Nimetembea mpaka metro na mvua yote mgongoni. Namchukia. Nimeandika, basi.

Jumapili, 13 Novemba

Kanisani sikusikia hata neno. Masikio yalikuwa dukani.

Baada ya Jumamosi chache mzee aliiacha tondoo. Alisema imechoka kuingia kikombeni, atatoa mifano yake mwenyewe. Nilifurahi, kazi inakwenda mbio. Kila jioni niliigawa mifano kama navyogawa vifungo: ya nyumba na ya nyumba, ya chini na ya chini. Daraja likakaa pamoja na kitanda, kwa kuwa vyote ni "tsa". Ilipendeza.

Leo nimeketi kwenye masini bila kuweka kitambaa. Nakanyaga tu, sindano inapiga hewa. Sentensi zake nazijua zote kwa moyo. Nimeziacha zije vile zilivyokuja, Jumamosi moja nyuma ya nyingine.

Tulitoka ndani ya nyumba.
Tuliingia chini ya daraja.
Mtoto yuko miguu mitupu.
Viatu vimo chini ya kitanda.
Mama yake aliingia tena ndani ya nyumba.
Paa lilishuka juu yake.
Nilivuka mto, mtoto mgongoni.
Nilivuka bila kutaka.

Hiyo ya mwisho ilikuwa Septemba. Nakumbuka nilisema "Asante papa, amkha imetosha," nikamwongezea chai.

Jumatano, 16 Novemba

Amra amepiga simu. Alikua hapa hapa, Kiabkhazi hakijui, Kiukrainia kidogo cha utotoni. Ameuliza saa ya kuleta mikate. Arobaini ni saa tano, gorofani kwa mzee, Berchem.

Halafu: "Maman Béa, papa siku zote aliniambia mama alituacha, akafuata mwanaume mwingine. Mimi nilikuwa na miaka mitatu. Kwenye mazungumzo yenu hakumtaja kweli?"

Nikasema tulikuwa tunaweka tondoo kwenye kikombe.

Si uongo. Si kweli pia. Nimekata simu, nimekosa tundu la sindano mara tatu, mimi ambaye napitisha uzi bila miwani.

Sasa namwelewa Oksana, na bado nimemkasirikia. Mzee alimchafua mke wake mwenyewe ili mtoto asijue kwamba mama alikufa akirudia viatu vyake. Miaka yote hiyo. Oksana anaona siri hiyo ibaki na mzee kaburini.

Mimi sioni hivyo. Baba yangu alipokufa kule kwetu Likasi, kaka zangu walinificha mpaka udongo ukakauka, eti nisihangaike huku peke yangu. Walinihurumia. Ile huruma naibeba mpaka leo, ni nzito kuliko msiba wenyewe. Na mzee hakuwa mjinga. Kinasa alikiona mezani kila Jumamosi, taa yake nyekundu inawaka. Alijua kinameza.

Ijumaa, 18 Novemba

Mvua ndogo, vioo vya duka vimefunga ukungu. Mchana nilisinzia juu ya koti la mtu. Nimeona mto, na tondoo inavuka peke yake juu ya maji kama mtumbwi, imebeba kitu kidogo, sikuona ni nini. Nilipoamka niliisikia sauti ya mzee karibu kabisa, haisemi neno.

Maneno yake ninayo. Sauti sina. Bila sauti mimi ni mshonaji tu anayesema habari za marehemu.

Suruali zimekwisha zote. Nimefagia. Nimeweka kikombe chake mahali pake, tondoo chini yake.

Nimemwandikia Oksana kwa simu. Nimeandika hivi:

Oksana, mdogo wangu. Nimesikiliza. Najua ya viatu. Mimi naona Amra aambiwe, baba yake akisikika, na wewe ukiwa umekaa upande wake mmoja, mimi upande mwingine. Sitakuja kukunyang'anya kinasa. Ukikataa nitanyamaza, lakini kataa mwenyewe, kwa mdomo wako, usinifungie mlango. Utakuja nacho, ndiyo au hapana? Nijibu kesho kabla ya saa tatu asubuhi.