Mrehani wa Mama Mkwe na Kidole Kinachonukia

Mshauri wetu mpendwa, nisaidie maana nimekwama, mimi ni fundi cherehani, naishi na mama mkwe ambaye nampenda kama aliyenizaa, na mama huyu ana mkono wa baraka, barazani kwetu kumejaa makopo ya rangi na ndoo kuukuu zilizoota mrehani, ule uitwao mtakatifu, wenye majani ya zambarau, anamwaga mbegu juujuu tu, anauweka juani, na kila ukitoa maua anayabana kwa kucha akisema, "Ukiuacha uringe, utakunyima majani," na kweli majani ni tele, mtaa mzima ukikohoa unabisha hodi kwetu kutafuta chai yake, hata kifua changu kililainika kwa chai hiyo, sasa mama ana kisukari, na tangu majirani waanze kumwita Daktari ametupia vidonge vya hospitali kabatini, anakunywa chai ya mrehani tu, juzijuzi alijikata kidole cha mguu kwa kigae, anasema hakimuumi, anakibandika majani yaliyopondwa na kukifunga kitambaa, kidole kinageuka cheusi lakini kinanukia vizuri mpaka mume wangu haamini kuna tatizo, ananiambia, "We mwache mama, anajua anachofanya," nami nikifungua mdomo nitaitwa mkaza mwana asiye na adabu, nifanyeje?

Fundi Cherehani

Fundi, pole, na hongera kwa mkwe huyo. Mrehani wake ni mali. Hata mimi nina kopo langu dirishani, na kikohozi kikinibana hukimbilia huko kwanza.

Lakini kidole cheusi kwa mwenye kisukari hakingoji gazeti! Heshima gani hiyo ya kumtazama mama akioza mguu? Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapo nyumbani mnaficha watatu.

Weka mkasi chini, mpeleke hospitali leo. Usiutukane mrehani wake. Achume majani aende nayo, daktari ajue anakunywa nini, kwani yanaweza kushusha sukari, na yakikutana na vidonge ikashuka kupita kiasi. Kidonda kisafishwe huko, kisibandikwe kitu tena. Mumeo naye afungue kile kitambaa atazame kwa macho, aache kunusa.

Mama akigoma, muulize taratibu: "Mama, mbona maua unayawahi mapema, husubiri mmea ukunyime majani, na kidole je?" Atakuelewa kuliko daktari yeyote.

Na hayo uliyoniandikia mimi, kwamba unampenda kama aliyekuzaa, mwambie yeye mkiwa njiani.