Kijani Chepesi cha Chipukizi

Chebet mjukuu wangu,

Huku Silibwet tuko wazima, na ng'ombe wako amezaa. Unasema picha ya molekuli yako kwenye kompyuta umeipaka rangi kali kila mahali, na sasa mwalimu haoni dawa iliyonasa ndani yake. Unauliza ufanyeje.

Siku yangu ya kwanza kuchuma chai, nyapara alimwaga kikapu changu chini. Yalikuwa majani magumu matupu. Shangazi yangu akanirudisha mstarini, katikati ya michai. "Acha kuangalia mti mzima. Tafuta kile kijani chepesi. Hayo mengine yaone kama maji." Jioni nyapara alipokea kikapu, akakipeleka kwenye mizani.

Basi dawa ipe rangi kali, hizo sehemu zingine zififishe kama maji. Lakini usizifute, mama. Chipukizi halioti hewani. Mwalimu akikataa tena, rudi mstarini.

Kogo wako