Nyasi za Plastiki Sebuleni

Jumapili jioni, Kinoo

Nyasi za plastiki! Ukuta mzima wa sebule, na katikati taa ya waridi iliyoandikwa KARIBU NYUMBANI. Eti ndiyo fasheni. Nyumba ililetwa na lori vipande vipande, ikaunganishwa kwa siku nne, na mpambaji akaapa kwamba ataipa roho. Roho gani inanuka patipati mpya, zile ndara za mpira?

Nilipomuuliza kuhusu vitambaa vya makochi, alicheka. "Madam, hivyo ni vya kina nyanya." Nami nikacheka naye. Nikacheka, kweli!

Leo mama amepitia hapa akitoka kanisani. Alizigusa zile nyasi akasema, "Hii hata ng'ombe wangu hawezi kula." Kisha akatoa kwenye kiondo vitambaa vyeupe alivyofuma mwenyewe, vya kutosha kila kochi.

"Mama, siku hizi watu hawaweki..." Sikumaliza. Alivikunja polepole, akavirudisha kiondoni, akaomba chai.

Taa bado inawaka.

Tangu Pasaka mama amekuwa akiniambia macho yanamuuma. Sikuwahi hata siku moja kumuuliza anayachosha kwa kazi gani.