Gundi ya Picha ya Mama

Jumatatu, 25 Machi

Nimeamua. Zawadi yangu ya harusi kwa Chadia itakuwa albamu. Si ile ya dukani yenye nailoni — ya mikono yangu mwenyewe! Kartoni ngumu, kitenge juu, karatasi nene ndani, maua ya kukata, picha zetu zote tangu utotoni. Mdogo wangu anaolewa baada ya Idi, na mchumba wake Faradji atampeleka kwake Kabambare. Kwa njia ile, na mvua hizi, nitamwona lini tena?

Ukurasa wa kwanza ni wa picha ya Mama. Ipo moja tu. Amesimama mbele ya pazia la studio, mkono kiunoni. Niliipiga kwa simu nikaenda kuichapisha — uso ukatoka kama moshi. Mama alifariki Chadia akiwa bado ananyonya. Kwa hiyo huyo wa kwenye picha ndiye mama yake, hana mwingine. Sasa niibandike na nini?

Jumatano, 27 Machi

Gundi ya shule: maji matupu. Karatasi imekunjamana kama uso wangu alasiri ya mfungo. Skochi, ule utepe wa kunata: nilijaribu kubandua ya zamani kwenye picha ya shangazi, ikaja na sikio lake. Maskini shangazi!

Ile ya fundi viatu — hiyo inashika! Nilifurahi, nikamwita jirani yangu Dieudonnée aje aone. Ni mwalimu wa shule ya msingi, na maua yote ya karatasi ya kanisani kwao yanatoka mikononi mwake. Hakunicheka. Alinusa, akasema nibandike kwanza kipande cha kalenda ya zamani nikiache juani.

"Usianze na sura ya mutu," aliniambia. "Anza na kitu yenye hautalilia."

Ijumaa, 29 Machi

Doa la njano! Limepenya mpaka upande wa pili. Na mimi ningempaka Mama hiyo! Dieudonnée hata hakusema "nilikuambia". Mimi ningesema, tena mara tatu.

Leo ni Ijumaa Kuu kwao, alikuwa anarudi kanisani, lakini alisimama mlangoni akanieleza dawa yake: wanga wa muhogo. Muhogo mbichi unakunwa, unakamuliwa kwenye kitambaa, maji yanaachwa yatulie mpaka weupe ukae chini. Ule weupe ndio unaopikwa, ukikoroga bila kuacha, mpaka ung'ae. Si unga wa bukari, ule tunaosongea ugali, amesisitiza. Ule muhogo wake umelowekwa ukachacha, na uchachu unakula karatasi polepole. Kumbe mtu anaweza kukaa jirani yako miaka na hujui alichonacho kichwani.

Jumatatu, 1 Aprili

Aibu gani hii.

Jana nilipika gundi, kole kama tunavyoiita hapa. Laini, inang'aa, hakuna hata donge! Nikabandika maua ya kurasa mbili, nikaacha mezani zikauke. Asubuhi — sisimizi! Msafara mzima, kutoka dirishani mpaka kwenye waridi zangu. Wamezitoboa zote. Nilipiga kelele mpaka Dieudonnée akaja mbio, yuko nyumbani kwa Pasaka. Akachovya kidole kwenye sufuria, akalamba. Akanitazama.

"Faridah. Umetia sukari?"

"Sukari kwenye kole? Niko wazimu?"

"Onja."

"Nafunga!"

Alicheka mpaka akashika ukuta. Hapo ndipo nikakumbuka. Mwezi mzima huu kila alasiri nasimama kwenye jiko lile, na sufuria ile ile, nikipika uji wa kufuturu. Ukishachemka — sukari. Mkono umejiendea wenyewe! Na kwa kuwa nilifunga, sikuonja. Nimewafuturisha sisimizi.

Alhamdulillah, ukurasa wa Mama sijaugusa.

Jumamosi, 6 Aprili

Leo Dieudonnée amekuja tufanye kazi pamoja. Nitaandika yote, sitaki kusahau.

Anapaka kwa kidole, kutoka katikati kwenda pembeni, nyembamba hata sikuona kama kuna kitu. Analaza picha kuanzia upande mmoja, taratibu, hewa itoke. Hakandamizi. Anafunika na karatasi safi, halafu ubao, halafu kinu changu juu ya ubao. Kisha anasubiri! Mimi ni mtu wa haraka, kwenye cherehani nakata uzi kwa meno. Nilikuwa nimeshika mikono yangu isiende kufunua. Alipofunua mwenyewe, Chadia wa darasa la kwanza alikuwa amelala pale kama amezaliwa na ile karatasi. Hakuna kunjo wala kiputo cha hewa.

Nilimwambia wazi: naipenda mikono yako. Aliona haya. "Acha maneno, leta ingine," akasema.

Nikampa Mama. Hakuchovya kidole.

"Hii iko moja tu?"

"Moja tu."

"Basi hii hatupake kitu."

Akakata karatasi nyeusi, akaikunja pembe nne ndogo — nzuri hizo! — akapaka gundi kwenye pembe peke yake, akachomeka picha ndani. Gundi inashika karatasi, picha haiguswi. Akaeleza kwamba siku yoyote mtu akitaka kuitoa, itatoka nzima. Nikasema sijawahi kuona akili kama hii. Ni kweli. Lakini tangu alipoondoka nasikia neno moja tu: itatoka.

Jumatano, 10 Aprili

Idi! Wageni mpaka uani. Chadia amependeza mno, wote wanamtazama. Albamu nimeificha kati ya vitenge. Nimeifungua kidogo. Nimeifunga.

Jumapili, 14 Aprili

Ndoa ilikuwa jana. Leo wanaondoka.

Baada ya sala ya alfajiri niliitoa picha. Imetoka nzima kweli, wala pembe hazikuchanika — kazi ya Dieudonnée! Nilijiambia ni kwa sababu ya mvua, matope, mito ya njiani. Uongo. Nilishindwa tu kuachana nayo.

Nikampa albamu hivyo hivyo. Chadia alifungua, akakuta pembe nne na katikati hakuna kitu. Akazigusa kwa kidole, moja moja. Picha ile anaijua tangu akiwa mtoto.

"Hapa njo pa Mama?"

Nikaitikia kwa kichwa, nikaanza habari za mvua. Aliniacha nimalize. Hakukasirika. Jamani, huyu mtoto ametoa wapi moyo huu? Mimi ndiye niliyemlea, na moyo kama huu mimi sina.

"Wewe ulimujua, Yaya," akasema; ndivyo anavyoniita mimi dada yake mkubwa. "Mimi nilimusikia tu. Ibaki na wewe."

Akaubusu ukurasa, mtupu vile vile. Akafunga albamu kwenye plastiki vizuri kabisa, akatoka kwenda kuaga wazee.

Nimejifungia chumbani. Naandika kwa sababu sijui mikono yangu niifanyie nini. Nje Iliasi, dereva wa pikipiki, anakaza mizigo kwa mpira, Faradji anamwambia wawahi kabla ya mvua. Picha iko hapa juu ya daftari, naandika pembeni mwake.

Nimefumba macho kujaribu. Namwona Mama. Hata bila picha namwona, anavyotembea, anavyoniita, anavyofunga kilemba. Chadia akifumba yake, anamwona nani?

Iliasi amewasha injini. Bado wako uani, nasikia sauti ya Chadia, picha nimeshaishika —