Pini Mdomoni

Alhamisi, 28 Februari 1974

Nimefanya kitu. Sijui hata nianzie wapi.

Leo ilikuwa siku ya kikundi cha akina mama. Mama Benta, mwenyekiti wetu, akasema kila mtu amwombee jirani yake kwa sauti, kwa jina. Ndivyo tunavyofanya siku zote. Mimi nilikaa na Gakenia, Mama Wangui, na ningemwombea nani mwingine? Cherehani yangu na meza yake ya viazi ziko veranda moja sokoni. Chakula cha mchana tunakula sahani moja. Nikafumba macho. Nilianza vizuri – biashara yake, miguu yake inayovimba. Halafu moto ukanishika, machozi yakaja, nikasikia mdomo wangu unasema: Bwana, mfute machozi Mama Wangui kwa sababu ya yule mwanamke wa Muhoroni na mtoto wake, umrudishe mume wake Bildad nyumbani.

Wakaitika Amina. Ile Amina ndefu.

Nilipofumbua macho Gakenia alikuwa anajifunga kitambaa upya, polepole. Habari ya Muhoroni aliniambia wiki jana tu, tukichambua maharagwe. Hakusema ni siri. Aliona haina haja ya kusemwa.

Mimi nilikuwa namwambia Mungu! Si wao.

Jumapili, 3 Machi

Tayari. Asubuhi kwenye bomba la maji hapa Nyalenda wanawake wawili wameniuliza huyo mtoto wa Muhoroni ni wa kiume au wa kike. Sikujibu. Nilitaka kujibu.

Bildad ni mzee wa kanisa. Leo amesoma matangazo kama kawaida, shati limepigwa pasi vizuri. Gakenia hakuja. Ana malaria, Bildad amesema.

Jumatano, 6 Machi

Gakenia amerudi sokoni. Jicho la kushoto limevimba mpaka limejifunga kabisa.

Nilimwambia pole. Alikuwa anampimia mteja viazi. Nikarudia. Hakuinua kichwa. Akasema, "Mama Walter, ukiwa na pini kwa mdomo unakuwa mtu mzuri sana."

Huo ulikuwa utani wake wa siku zote. Mimi nikikata kitambaa hubana pini kwa midomo, naye husema saa hiyo tu ndiyo soko lina amani. Tulikuwa tunacheka mpaka wateja wanashangaa. Leo hakuna aliyecheka.

Jumapili, 10 Machi

Niandike yote, hata kama mkono hautaki.

Baada ya ibada wazee walituita kwenye chumba cha nyuma. Pasta Simeon, wazee watatu, na Bildad mwenyewe – ila leo ameketi upande wetu. Akakana. Lori lake linabeba sukari Muhoroni, akasema, na mtu akilala safarini si dhambi. Kisha wakamwita Gakenia. Alisimama karibu na mlango. "Mimi sijui hiyo maneno," akasema. "Naona Mama Walter aliota."

Jicho lake lilikuwa bado limevimba akisema hivyo. Mtoto mdogo angeelewa kwa nini anasema hivyo. Mtu yeyote mwenye akili angeinamisha kichwa na kusema ndiyo, niliota.

Mimi nikasema, "Lakini si wewe mwenyewe uliniambia? Tukichambua maharagwe?"

Bildad akageuza shingo akamtazama mkewe. Alimtazama tu, na Gakenia akatazama sakafu. Kumbe mpaka dakika ile alikuwa amemwambia mumewe kwamba si yeye aliyetoa habari! Na mumewe alikuwa ameanza kuamini. Nimemuuza mara mbili.

Hukumu: nikae benchi la nyuma, nisishiriki meza ya Bwana, nisiombe wala kushuhudia kwa sauti mpaka Pasaka. Pasta Simeon alisema kwa upole. "Jifunze kunyamaza, mama. Pasaka utasimama tena." Baba Walter alitembea mbele yangu njia nzima mpaka nyumbani. Nilimwona mgongo tu.

Alhamisi, 21 Machi

Gakenia amehamisha meza. Sasa yuko upande wa wauza samaki. Veranda ni yangu peke yangu na sina haja nayo.

Cha ajabu, watu wananiletea habari kuliko zamani. Kwa vile nimekatazwa kusema, wanadhani nimekuwa kaburi. Nani anadaiwa kodi, nani amerudi kwa mganga. Naitikia kwa kichwa. Maneno yananijaa mpaka kooni, narudi nyumbani nikiwa mgonjwa nayo.

Nimejaribu kusali kimya. Siwezi. Bila sauti sijui kama nasali au nawaza tu mambo yangu. Labda sijawahi kusali. Labda miaka yote hii nilikuwa napenda kujisikia nikiongea, na Mungu nilimfanya kisingizio.

Jumamosi, 30 Machi

Katito. Nilipeleka gauni za kwaya za Pasaka kwa kanisa la huko. Mvua, matope mpaka kwenye vifundo. Nikasimama kwenye stendi, pale njia ya Kisii na ya Kendu Bay zinapoachana, nikingoja gari la kurudi.

Nikamwona. Gakenia, blanketi limekunjwa na kufungwa kamba, kiondo begani, Wangui mdogo amelala mgongoni. Naye akaniona. Tukabaki hivyo, matone yakituangukia.

Nilidhani ataniomba. Nilikuwa tayari – ningeapa, ningepiga magoti pale pale kwenye matope. Hakuniomba. Alisema tu, "Na hii pia utaniombea?"

Halafu akapanda basi.

Basi lilikwenda upande gani najua. Hata hapa siandiki.

Hakuniomba ninyamaze. Hilo ndilo linaloniua. Anakimbia akijua kabisa kwamba nitasema, kama mtu anavyojua mvua itamkuta njiani, na anakwenda hivyo hivyo.

Jumatatu, 1 Aprili

Bildad amezunguka soko zima akiuliza. Alifika kwangu. Nilikuwa na pini mdomoni. Nikatikisa kichwa. Akaenda.

Leo imepita.

Jumatano, 10 Aprili

Baba Walter ameniuliza wakati wa chakula, "Kwani wewe hujui kitu kabisa?" Nikasema sijui. Miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kumficha neno. Amenitazama kidogo, akaendelea kula.

Kwa hiyo nimejifunza nini? Kunyamaza, au kudanganya? Pasta hakusema kama kuna tofauti.

Tena nimechoka. Neno moja tu, jina la mahali, nalibeba kutwa. Nikimpa mteja chenji nachunga. Nikimsalimu mtu nachunga. Naogopa hata kusinzia kwenye kiti, nisije nikaota kwa sauti.

Jumapili, 14 Aprili. Pasaka

Kanisa limejaa mpaka nje. Pasta Simeon akaniita mbele kutoka benchi la nyuma, akanishika mkono mbele ya watu wote. Dada yetu amerudi, akasema. Halafu akasema, "Mama Walter, simama utuombee. Umwombee dada yetu Gakenia aliyepotea, popote alipo."

Popote alipo!

Bildad alikuwa kiti cha mbele, suti nyeusi. Nikafumba macho. Moto ulikuwepo. Najijua: nikianza tu na jina lake, machozi yatakuja, na baada ya machozi mdomo utasema Bwana mlinde huko – na utataja huko ni wapi. Nilisikia neno limefika kwenye meno.

Nikakimbilia Sala ya Bwana. Niliishika kama kamba. Kanisa lote likafuata, nikafika Amina, nikaketi. Nyuma yangu Mama Benta akamnong'oneza mwenzake kwamba Pasta amenivunja, moto umezimika. Walinionea aibu. Mimi, kwa mara ya kwanza tangu Februari, nilipumua.

Mpaka mlangoni. Bildad akanipa mkono wa Pasaka na hakuuachia.

"Mama Walter," akasema, taratibu tu, "wewe huombea hata kuku ya jirani. Leo jina ya bibi yangu imekushinda?"

Sikujibu. Nikaona uso wake ukibadilika, nikajua nimekwisha kujibu.

Basi hata nikinyamaza nasema. Mungu wangu, uliniumbia mdomo wa namna gani?

Sasa Bildad yuko sebuleni kwetu. Lori lake limesimama nje, limejazwa mafuta, nimemsikia akimwambia Baba Walter. Wanakunywa chai niliyopika mimi. Mimi niko chumbani nyuma ya pazia, nimesema kichwa kinaniuma. Bildad hana hasira. Analia hata. Anasema hataki kuniuliza kitu. "Nataka tu Mama aniombee kabla sijaenda kutafuta. Afunge macho aombe vile yeye huomba."

Ananijua kuliko Pasta.

Baba Walter amesema hilo si neno kubwa. Ameniita. Ameniita tena.

Leo ni Pasaka, hakuna Mkristo anayeshona, na mimi nimeifunua cherehani niliyoileta nyumbani kwa sikukuu. Nimetoa kopo. Pini zote nilizoweza nimezibana kwa midomo, naandika hivi nikionja chuma. "Mama Walter," anaita Baba Walter, "wageni hawangojeshwi."

Kiti kimesogea. Nasikia viatu. Baba Walter nyumbani havai viatu –